Chungwa kali, limau lisilo na ukali: tatizo liko kwenye jeni au shambani?

Kabla hujamwaga mbolea, na kabla hujashika panga ukaushusha mchungwa ulioulea miaka, jiulize kwanza huo ukali umetoka wapi. Kuna ugwadu ambao mti umezaliwa nao, upo kwenye jeni zake tangu siku kikonyo (kijiti cha kubebeshea) kinakatwa kwa mti mama, huo hata umwage samadi lori zima hautoki. Alafu kuna ugwadu ulioletwa na maji, joto, mbolea, ugonjwa au haraka ya kuvuna, na huo mara nyingi una dawa yake. Watu wanachanganya hivi viwili kila siku, mwenye mche mbovu wa kitalu anahangaika na mbolea msimu hadi msimu, na mwenye shida ya maji tu anang'oa mti mzuri kabisa, inaniuma sana kuona hivyo kwa sababu mchungwa si mchicha, ukiung'oa unaanza kusubiri upya.

Nitapita malalamiko ninayoyasikia zaidi, moja moja, na chanzo chake. Ila ngoja kwanza tuelewane asidi inaingiaje kwenye tunda.

Asidi inaingiaje

Machungwa, malimau, ndimu, machenza, madanzi, mabalungi na mafurungu wote ni ukoo mmoja na asidi yao kubwa ni ile ile, asidi sitriki. Inatengenezwa ndani ya seli za vile vifuko vidogo vya juisi unavyoviona ukipasua kipande cha chungwa, kazi hiyo inafanyika kwenye mitokondria (vijumba vya nishati ndani ya seli), alafu asidi inapelekwa kuhifadhiwa kwenye vakuoli, chumba kikubwa kilichochukua karibu seli nzima. Sasa ili asidi ijae humo lazima kuwe na pampu kwenye utando wa vakuoli zinazosukuma protoni (chembe ndogo sana zinazoleta ukali) kuingia ndani, na nguvu ya hizo pampu ndiyo inaamua tunda litakuwa kali kiasi gani. Ukali huo unapimwa kwa pH, namba ikiwa ndogo ukali ni mkubwa: juisi ya limau inafika pH ya 2 na kidogo, chungwa la kawaida linacheza kwenye 3.5 hivi, na zile aina zisizo na asidi zinakaa 5 mpaka 6. Usidharau hizo namba, kila pH ikishuka kwa 1 protoni zinakuwa zimeongezeka mara 10, kwa hiyo tunda la pH 2 na la pH 5 wamepishana mara 1,000.

Pampu ya kawaida ambayo kila mmea unayo haitoshi kufika huko. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha California pale Riverside walionyesha kwamba matunda makali ya ukoo huu yana pampu ya ziada, yenye nguvu, inayotengenezwa na jeni mbili zinazoitwa CitPH1 na CitPH5. Na hawakuanzia kwenye malimau, walianzia kwenye petunia, ua la bustani, kwa sababu kule jeni za aina hiyo hiyo zinabadilisha rangi ya ua, rangi ya petali inafuata pH ya vakuoli. Kwenye malimau, machungwa na mafurungu yenye ukali hizi jeni zinafanya kazi kwa nguvu, kwenye aina zisizo na asidi zimelala.

Jambo ninalotaka ulishike ni hili: kwenye aina zisizo na ukali, mara nyingi jeni za pampu zenyewe hazina kasoro, kasoro iko kwenye jeni zinazoziamuru, yaani ni kama pampu ya kisima ambayo ni nzima ila mtu kazima swichi. Swichi maarufu inaitwa Noemi. Ilielezwa mwaka huo huo wa 2019 na kundi la John Innes Centre la kule Norwich, Uingereza, pamoja na Waitaliano. Noemi inafanya kazi mbili kwa mpigo, inawasha ukali kwenye tunda na inahitajika ili rangi ya zambarau itokee kwenye majani machanga na maua. Ikiharibika, na mara nyingi inaharibiwa na kipande cha DNA chenye tabia ya kuhamahama kikaingia katikati yake, vyote viwili vinapotea. Hii inafaa sana shambani, tutaiona hapo chini.

"Mchungwa wangu ulikuwa mtamu, sahivi unatoa malimau"

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote na watu wanaamini kabisa mti umebadilika. Haujabadilika. Miche mingi ya kubebesha, yaani kikonyo cha mti mmoja kimeungwa juu ya shina la mwingine, huku kwetu shina la chini ni ule mlimau wenye tunda la ngozi ya manundu, unapendwa kwa sababu mizizi yake ina nguvu, inavumilia ukame na mti unakua haraka. Mchungwa umekaa juu, mlimau uko chini, na jeni zao hazichanganyiki hata wakiishi pamoja miaka 30, kila mmoja anabaki na zake. Sasa maotea yakichipua chini ya kovu la kubebesha na wewe usiyakate, yanapanda kwa kasi kuliko mchungwa, yanaunyima chakula, na baada ya muda unachokivuna ni tunda la shina la chini.

Kuhakikisha ni rahisi: shika tawi lenye matunda makali ulifuate kwa mkono mpaka linapoanzia. Likitokea chini ya kovu, jibu umepata. Angalia pia majani machanga, ya mlimau yana weusiweusi wa zambarau wakati ya mchungwa ni kijani tupu, na jani la mlimau ukilifikicha harufu inajitangaza yenyewe. Kama shina la chini ni la majani yanayoota matatumatatu pamoja ndio huwezi kukosea kabisa. Yakate maotea yote yakiwa bado laini, pale otea linapoanzia kabisa bila kuacha kisiki, na urudie kila mvua zikinyesha. Kama mchungwa wa juu umeshakufa wote na kilichobaki ni mlimau tu, usiung'oe, una mizizi mizuri tayari, ubebeshe upya kwa kikonyo cha mti unaoujua.

"Limau langu halina ukali kabisa, kama maji ya sukari"

Hapa Noemi ndipo inapotusaidia. Subiri mlimau, au mndimu, uchanue na utoe majani mapya. Mlimau wa kawaida macho ya maua yana wekundu wa zambarau kwa nje na vichipukizi vyake vina rangi hiyo hiyo. Ukiona maua meupe pee, vichipukizi vya kijani tupu, na mbegu ukiipasua ndani imepauka badala ya kuwa na ule ukahawia, basi una aina isiyo na asidi, mti haujaugua wala hujakosea kitu. Kule Corsica kuna mti wa ukoo huu wa matunda makubwa ya ngozi nene ambao uko hivyo hivyo, hauna asidi na hauna zambarau.

Ila jamani angalieni, kanuni hii ni ya malimau, ndimu na jamaa zao wa karibu tu. Usiende kwenye mdanzi ukaona maua meupe ukasema matunda ni matamu, utajuta. Mchungwa na mdanzi wana maua meupe kwa sababu nyingine, kwao Noemi ni nzima, kilicholala ni jeni mwenzake anayeitwa Ruby, na Ruby anahusika na rangi, ukali unaendelea kama kawaida. Ruby huyo ndiye anayeamka kwenye machungwa yenye nyama nyekundu kama damu, na anahitaji baridi ili aamke vizuri, ndiyo maana machungwa hayo ukiyapanda pwani yenye joto wekundu unagoma.

Dawa ya limau tamu? Hakuna ya kumwaga wala kupulizia. Ama ulibebeshe kwa kikonyo cha limau kali, ama ulitunze hivyo hivyo, maana Iran na India matunda ya namna hii yana wateja wao wa uhakika wa juisi.

"Tawi moja tu ndilo lina matunda tofauti"

Kwanza fuata tawi mpaka chini kama nilivyosema. Kama limetoka juu ya kovu, hapo mambo yanakuwa matamu kweli, kwa sababu jicho moja la mti linaweza kupata badiliko la jeni na tawi zima likafuata jicho hilo. Kuna limau linaitwa Faris ambalo mti mmoja unazaa matawi ya malimau makali yenye maua ya zambarau na matawi ya malimau matamu yenye maua meupe, tabaka za seli zake zina jeni tofauti, na limau hilo hilo ndilo limewasaidia sana watafiti kulinganisha mkali na mtamu ndani ya mti mmoja. Wewe usilikate tawi lako. Lifunge kitambaa, onja msimu huu na unaofuata, na tofauti ikibaki vile vile chukua vikonyo vyake ubebeshe pembeni. Aina nyingi nzuri tunazokula leo zimeanza na tawi moja ambalo mtu hakulipuuza.

"Jirani kapanda mlimau karibu, machungwa yangu yamekuwa makali"

Hapana. Hili limegombanisha watu mipakani na halina ukweli. Kile unachokula kwenye chungwa, vile vifuko vya juisi, vinaota kutoka kwenye ukuta wa kifuko cha ua la mti mama. Ni mwili wa mama asilimia mia. Chavua ya mlimau ikiletwa na nyuki inaingia kwenye mbegu tu, kwa hiyo baba anaweza kubadilisha mche utakaoota kutoka kwenye mbegu hiyo, na anaweza kufanya tunda liwe na mbegu nyingi zaidi kwa aina ambazo zingekuwa na chache, ila asidi ya juisi unayoinywa haigusi. Kama machungwa yamebadilika ladha mwaka ambao mlimau wa jirani ulichanua, tafuta sababu nyingine humu humu, mwache jirani wa watu.

"Nilipanda mbegu ya tunda tamu, nimepata kali"

Inategemea ni mbegu ya nini. Chungwa, limau, balungi na machenza mengi mbegu zao zina kijusi zaidi ya kimoja na vingi vinatokana na mwili wa mama moja kwa moja bila baba, yaani mche unaotoka ni nakala ya mama. Mwaka 2017 jeni inayohusika na tabia hiyo, CitRWP, ilitambuliwa. Kwa hawa ukipanda mbegu mara nyingi utapata tunda lile lile, ila utasubiri sana, mti wa mbegu una miiba mirefu na ujana mrefu, na matunda yake ya kwanza yana ngozi nene na ugwadu ambao unapungua mti ukikomaa, kwa hiyo usiuhukumu kwa mzao wa kwanza.

Furungu ni hadithi nyingine. Mbegu yake ina kijusi kimoja, baba lazima awepo, kila mche ni mtu mpya. Na hali ya kutokuwa na asidi kwenye furungu inajificha, mche lazima upate nakala mbili za jeni iliyolala, moja ya mama na moja ya baba. Akipata moja tu nzima, ukali unarudi. Pale Riverside walikuwa na mfurungu usio na asidi, wataalamu Soost na Cameron wakauchavusha mwaka 1958 na balungi lenye kromosomu mara dufu, watoto wakawa na seti tatu za kromosomu, karibu hawana mbegu, na ukali wa kiasi tu, ndiyo Oroblanco na Melogold. Wale walipanga. Wewe ukipanda mbegu ya furungu tamu uliyonunua sokoni hujui baba ni nani, kwa hiyo kama unautaka utamu ule ule chukua kikonyo, achana na mbegu.

"Shamba zima ni kali mwaka huu"

Shamba zima likibadilika kwa pamoja, toa jeni kwenye orodha ya washukiwa, miti yote haiwezi kupata badiliko moja msimu mmoja. Mshukiwa wa kwanza ni kuvuna mapema. Asidi inajaa tunda likiwa bado dogo, inafika kilele, alafu inaanza kushuka kwa sababu tunda linavimba maji na seli zinaanza kuitoa asidi kwenye vakuoli na kuitumia, kuna jeni za kuisafirisha itoke na jeni za kuivunja. Kwenye limau kushuka huko karibu hakutokei, kwenye chungwa ndiko kunakolifanya liwe chungwa. Ukivuna katikati ya safari umeikatisha, na haiendelei sokoni, matunda haya si embe wala ndizi, hayaivi ukiyafukia. Yakikaa asidi inaweza kupungua kidogo tu, sukari haiongezeki.

Rangi ya ganda isikudanganye pia. Ganda linahitaji usiku wa baridi ili ligeuke rangi ya chungwa, ndiyo maana machungwa ya Muheza yanaiva yakiwa ya kijani na ni matamu kabisa. Pima badala ya kukisia. Ukiweza pata rifraktometa ya sukari, na asidi uipime kwa kostiki soda ya molari 0.1 (vaa glavu, inaunguza): chukua mililita 10 za juisi iliyochujwa, weka matone ya fenolftaleini, dondosha kostiki taratibu mpaka rangi ya waridi ibaki, mililita ulizotumia zidisha kwa 0.064, hiyo ndiyo asilimia ya asidi sitriki. Ukitumia mililita 16 una asilimia 1 hivi, chungwa la kawaida. Limau litakumalizia chupa, lina asilimia 5 au 6. Mwalimu wa kemia wa sekondari iliyo karibu anaweza kukufanyia hili.

Kama umevuna kwa wakati na bado kali, angalia potashi, ikizidi inapandisha asidi, na fosforasi ikipungua vilevile inapandisha. Ukame nao unakoleza kila kitu, sukari na asidi pamoja. Zamani Florida walikuwa wanapulizia mabalungi arseneti ya risasi ili kupunguza asidi, na kweli ilipungua, ila hiyo ni sumu, mtu asije akakuuzia dawa ya "kutamisha" isiyo na jina ukaikubali.

"Halina ukali, halina utamu, maji tu"

Usiku wa joto unakula asidi. Ndiyo maana mti ule ule wa pwani na wa milimani unatoa ladha mbili. Chukua machenza ya pixie ya Makueni, Kenya, aina hiyo ilitolewa Riverside mwaka 1965 na inazalishwa kwa vikonyo, kwa hiyo ya Makueni na ya California zina jeni zile zile, tofauti yoyote utakayoonja imetoka kwenye hewa, maji, shina la chini na siku ya kuvuna. Na shina la chini lina neno kubwa hapa, ule mlimau wa manundu tunaoupenda kwa nguvu zake unapunguza sukari na asidi vyote viwili, tunda linakuwa kubwa lenye maji. Punguza kumwagilia tunda likikaribia kuiva, usiliache mtini muda mrefu mpaka vifuko vikauke ndani, na kama unaanza shamba jipya uliza kitalu kama wana mashina mengine.

"Matunda madogo, yamepinda upande, makali na machungu"

Hapa acha yote usome. Kama na majani yana mabaka ya njano yasiyolingana upande wa kushoto na kulia, na mbegu ndani zimesinyaa, shuku HLB, ugonjwa wa michungwa unaoitwa pia "greening". Unaletwa na bakteria, anabebwa na kidudu kidogo kinachofyonza vichipukizi, na anabebwa pia na kikonyo. Ile aina ya Afrika inapenda milima yenye ubaridi, lakini kidudu cha Asia kinachostahimili joto kimesharipotiwa Tanzania na Kenya, kwa hiyo pwani nayo haiko salama. Mwite afisa ugani, sampuli ipimwe maabara, ukithibitishwa mti unang'olewa. Usikate vikonyo vyake kumbebeshea mtu.

Umepita kote na bado hujui?

Fanya jaribio moja la mwisho, ila mti uwe mzima, sio wa mabaka. Chukua kikonyo cha mti unaolalamikiwa ukibebeshe kwenye tawi la mti mwingine shambani kwako ambao matunda yake unayajua, na kikonyo cha huo mzuri ukirudishe kwenye huu unaolalamikiwa. Weka alama kote kuwili, usiyaguse maua ya matawi mengine, subiri yazae, alafu onja yote wiki moja. Kikonyo cha mti mkali kikitoa matunda makali hata kwenye mwenyeji mzuri, ni jeni, badilisha aina. Kikilainika, na kile kizuri nacho kikageuka kikali kwenye mti wa malalamiko, basi shida iko chini, kwenye mizizi au kwenye udongo wa pale pale, anza na kipimo cha udongo na uulize kitalu walitumia shina gani.